Kabla Polisi Hawajaitwa: Mizizi ya Ukatili na ya Kujiua Iliyomo Mwilini

Matini ya hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi kwa wakazi wa Base Camp, makazi ya Nakivale, na majirani zao wa mpakani

  

Huenda baadhi yenu mnajiuliza imekuwaje askari aje kuzungumza juu ya ubongo, damu na dawa, mambo ambayo tumezoea kuyasikia kwa daktari. Jibu langu ni fupi. Polisi huitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Panga limekwisha kuinuliwa, au mtu amekwisha kukutwa hana uhai, na majirani wamesimama nje ya ua wakinong'ona. Jalada letu huuliza nani, wapi, lini, na kwa chombo gani. Swali la kwa nini huachiwa mstari wa mwisho, na mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: ugomvi, ulevi, wivu. Leo naomba tuliondoe swali hilo mwishoni, tuliweke mwanzo.

Mitaani swali hilo lina majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza husema kwamba aliyempiga mkewe hadi kumvunja mkono, au aliyejitoa uhai, alikuwa mtu mbaya au mtu dhaifu. La pili husema kwamba alirogwa, au kwamba ukoo wake una laana. Sikuja kubishana na imani ya mtu yeyote. Nataka tu muone kuwa majibu hayo mawili hutufikisha mahali pamoja. Mtu mbaya hungojwa atende ubaya ndipo afungwe. Aliyelaaniwa hufichwa chumbani ili jirani asijue. Kwa njia zote mbili, siku zinazotangulia msiba hupita bila msaada. Liko jibu la tatu, nalo ndilo lililonileta hapa: ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na moyo. Huchoka, huumia, huugua, na mara nyingi hutibika.

Mlinzi asiyelala

Ndani ya ubongo, pande zote mbili, kuna kijisehemu kinachokaribia ukubwa wa haragwe, ambacho wataalamu hukiita amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa zamu ya usiku. Kikihisi hatari, hupiga kengele. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli. Moyo hudunda, misuli hukaza, usingizi huruka. Nyuma ya paji la uso iko sehemu nyingine ya ubongo, nayo ni kama afisa wa kituo: hupokea taarifa ya mlinzi, huipima, kisha huamua kama kweli kuna adui au ni bati tu lililopigwa na upepo. Mtu mwenye afya huwa na mlinzi mwepesi na afisa mtulivu, nao huelewana.

Kwa mtu aliyeishi vitani, mlinzi huyo hujifunza kutolala kabisa. Mvua ikipiga bati, yeye husikia risasi. Mtoto akidondosha sufuria, mkono umekwisha kuinuka kabla afisa hajaulizwa. Usiku huja ndoto zilezile, mchana huja hasira isiyojulikana ilikotoka. Hayo ndiyo maradhi ya kiwewe. Aliyenayo hakuyachagua, kama asivyochagua mtu kuugua malaria.

Jambo hili halikuthibitishwa Ulaya peke yake. Limechunguzwa papa hapa mliposimama. Makazi ya Nakivale yalianzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959, na tangu hapo yamewapokea Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, watafiti kutoka Ujerumani waliwahoji wakimbizi wa makazi haya. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha kuwa takriban theluthi moja ya Wanyarwanda na karibu nusu ya Wasomali waliochunguzwa walikuwa na maradhi ya kiwewe. Hesabu hiyo yatosha kutuonyesha kwamba haya si mambo ya nyumba moja yenye mkosi.

Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti mwingine, wa watu 424 walionusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda na waliokuwa wakiishi Nakivale. Watafiti walihesabu aina za matukio ya kutisha ambayo kila mmoja aliyapitia, kisha wakachunguza jeni moja iitwayo COMT, ambayo husaidia kusafisha baadhi ya kemikali za ubongo. Kwa walio wengi, kadiri matukio yalivyoongezeka ndivyo hatari ya kuugua ilivyopanda. Wachache waliorithi umbo fulani la jeni hiyo kwa baba na kwa mama walikuwa katika hatari kubwa hata kama matukio yao hayakuwa mengi.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mzigo wa kiwewe hujumlishwa. Mabega yakibeba mno, hata mtu shupavu huinama. Pili, watu hutofautiana kwa maumbile ambayo hawakuyachagua. Basi asitokee mtu wa kumwambia mwenzake: "Mimi nawe tulivuka Bunagana siku moja, mbona mimi sikuwa kama wewe?" Mlivuka mpaka mmoja, lakini hamkuvuka na mwili mmoja.

Kutoka kiweweni hadi kwenye ukatili

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana neno lisipowekwa sawa linaweza kuwadhuru wasio na hatia. Walio wengi wenye maradhi ya kiwewe hawajampiga mtu yeyote, huumia kimya. Wenye maradhi ya akili kwa jumla hutendewa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wanavyoutenda. Ukimwona mgonjwa anazungumza peke yake sokoni, ujue yeye ndiye aliye hatarini zaidi, kwa mawe ya watoto na kwa fimbo za watu wazima.

Hata hivyo, yapo mambo yanayoifungulia hasira njia ndani ya ubongo. La kwanza ni pombe. Waragi na tonto humlewesha kwanza yule afisa wa kituo niliyemtaja, huku mlinzi akiendelea kupiga kengele. Matokeo yake ni kengele isiyo na mwenye kuipima. Ndiyo maana mtu huyohuyo aliye mpole asubuhi huwa mwingine kabisa saa nne ya usiku. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku waragi wa vifuko vya plastiki mwaka 2019, lakini marufuku ya serikali haiingii chumbani kwa mtu. Anayeingia ni mke, ndugu, rafiki na mchungaji.

La pili ni majeraha ya kichwa. Aliyeanguka na bodaboda au aliyepigwa kitako cha bunduki, kisha tabia yake ikageuka, akawa mwepesi wa kuwaka na mzito wa kukumbuka, huyo ana jambo la kumweleza daktari.

La tatu ni maradhi ya mwili yanayojificha nyuma ya sura ya wazimu. Malaria ikipanda kichwani huleta kuchanganyikiwa na kupayuka. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla aweza kugombana kama mlevi. Mwenye kifafa, mtukutiko ukiisha, huweza kuhangaika kwa dakika kadhaa bila fahamu kamili, na akibanwa kwa nguvu hupigana. Mwacheni nafasi, mwondoleeni vitu vyenye ncha, naye atatulia. Mama aliyejifungua siku chache zilizopita aweza kupatwa na ugonjwa wa akili ulio mkali, ukamweka yeye na mtoto hatarini. Kabla hamjasema ni pepo, mpelekeni mgonjwa kituo cha afya apimwe damu na sukari. Maombi hayakatazwi, yanaweza kufanyika hata njiani kwenda hospitali.

La nne ni mateso ya utotoni. Huko Dunedin, New Zealand, wataalamu wamewafuatilia kwa miongo mingi watu wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2002 waliandika juu ya wanaume waliorithi umbo fulani la jeni iitwayo MAOA. Wale walioirithi na pia wakateswa utotoni walielekea zaidi kutenda ukatili ukubwani. Walioirithi wakalelewa bila mateso hawakuwa na mwelekeo huo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini zinatukumbusha jambo ambalo wazazi hawana budi kulishika: jeni peke yake haimlazimishi mtu kuwa mkatili. Kiboko unachomchapa nacho mtoto wako kila jioni kinaandika kitu ndani ya ubongo wake.

Je, nimesema haya ili aliyemjeruhi mwenzake aachiliwe? La hasha. Sheria ya Uganda hutambua kwamba mtu ambaye ugonjwa wa akili umemnyima uwezo wa kuelewa anachokitenda hahukumiwi kama mwenye akili timamu. Lakini hilo huamuliwa na mahakama kwa ushahidi, na ulevi wa kujitakia kwa kawaida haumwokoi mtu. Kujua chanzo cha moto hakumfutii mtu deni la nyumba aliyoichoma. Kunatusaidia kuuzima mapema.

Mkono unapogeukia nafsi

Sasa nije kwenye jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 duniani hujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Mahali pengi wanaume hufa kwa njia hii kuliko wanawake, na wanawake hujaribu kuliko wanaume.

Mwaka 1976 mtaalamu Marie Åsberg na wenzake, mjini Stockholm, walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa sonona. Wale waliokuwa na kiwango cha chini cha masalio ya serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza hisia na kuzuia pupa, ndio waliojaribu zaidi kujiua, na kwa njia zilizo kali zaidi. Wataalamu waliofuata walikiona kiwango kilekile cha chini kwa baadhi ya watu waliowashambulia wengine kwa hasira ya ghafla. Kemikali moja haielezi maisha yote ya mtu. Zipo pia deni, aibu, unyanyasaji, maumivu ya muda mrefu na upweke. Ila uchunguzi huo unatuonyesha kwamba mkono unaomwinukia jirani na mkono unaoigeukia nafsi huweza kuwa na mzizi mmoja. Kwa hiyo nyumba yenye fujo isitazamwe kwa jicho la fujo tu.

Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni wiki mbili au zaidi ambazo mtu hana raha na kitu chochote, halali au analala mno, chakula hakimpendezi, anajiona mzigo, anasema watoto wangekuwa heri bila yeye. Ukimwona anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, au ametulia ghafla baada ya muda mrefu wa mahangaiko, usipite. Muulize waziwazi: "Ndugu yangu, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi. Humpa mlango wa kutokea.

Tena jueni kwamba nia ya kujiua mara nyingi ni wimbi linalopanda na kushuka. Aliyevushwa salama saa ile ngumu ana nafasi kubwa ya kuishi. Walio wengi wa wale wanaonusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Ndiyo maana naomba jambo dogo sana kwa wakulima wa Nakivale na Isingiro: dawa za kuua wadudu zisikae chini ya kitanda wala jikoni. Zifungiwe kwa kufuli, au zitunzwe na chama cha wakulima. Nchi ya Sri Lanka iliondoa sokoni dawa za shamba zilizo hatari zaidi, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha watu wanaojiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70. Waliookoka hawakuhubiriwa wote. Wengi wao, sumu kali haikuwa karibu nao saa ile mbaya ilipowajia.

Dawa ipo, na baadhi yake ilijaribiwa hapa

Wako wanaosema: "Afisa, tumeyasikia hayo, lakini madaktari wa akili wako wapi?" Swali ni la haki. Mbarara kuna wodi ya magonjwa ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Kampala kuna Butabika, lakini safari ni ndefu na nauli ni ghali. Ndiyo sababu nataka mkumbuke jambo lililofanyika katika makazi haya.

Watafiti hao wa Ujerumani, wakiongozwa na Frank Neuner, waliwachagua wakimbizi wa kawaida, wasio madaktari, wakawafundisha kuwa washauri. Wagonjwa 277, Wanyarwanda na Wasomali, wakagawanywa katika makundi. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi leo, mpaka tukio la kutisha likapata mahali pake katika wakati uliopita. Kundi la pili lilipewa ushauri wa kawaida wa kiwewe. Kundi la tatu lilifuatiliwa tu. Baada ya miezi tisa, asilimia 70 ya kundi la kwanza na asilimia 65 ya kundi la pili hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi la tatu ni asilimia 37. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008 na yamesomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Walioifanya kazi hiyo walikuwa watu wa foleni ya posho kama ninyi.

Mashariki mwetu, katika wilaya za Rakai na Masaka, vikundi vya wanavijiji wenye sonona vilikutana kwa wiki 16 chini ya viongozi wenyeji waliofunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa baada ya mikutano hiyo, wapatao 7 katika kila 100 ndio waliobaki na sonona; katika vijiji visivyokuwa na vikundi walibaki wapatao 55. Vidonge pia vipo, na vina kazi yake. Ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Msiviache njiani kwa sababu siku ya tano haikuleta nafuu.

Sheria na hofu ya selo

Najua kinachowazuia wengi. Mtu akijaribu kujiua, familia humficha ndani, jeraha likaoza au sumu ikaendelea kumla, kwa kuogopa polisi. Sitawadanganya. Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na Tanzania ni vivyo hivyo. Nchini Kenya, mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha kanuni yao ya adhabu, kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Askari hawezi kufuta sheria kwa hotuba.

Lakini sheria si kitabu kimoja. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi ya ukoloni, inampa polisi wajibu wa kumfikisha kwenye matibabu mtu ambaye ugonjwa wa akili unamhatarisha yeye au wengine. Kwa hiyo askari aliyeitwa penye jambo kama hilo ana kazi ya kuokoa kabla ya kazi ya kuandika. Nasema mbele ya viongozi wenu, na maneno haya yatachapishwa: mpelekeni mgonjwa kituo cha afya kwanza. Maelezo yatafuata. Hakuna ukurasa wa jalada unaozidi uhai wa mtu. Wengine huogopa kwamba ugonjwa ukiandikwa utawaharibia maombi ya kuhamia nchi ya tatu. Swali hilo liulizeni ofisi ya Waziri Mkuu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wala msikubali kujibiwa na uvumi wa sokoni.

Nimalizie kwa yale ninayoyaomba kwenu. Mgonjwa asifungwe minyororo wala kamba; nyororo huongeza hofu, na hofu huongeza fujo. Anayetishia kujidhuru asiachwe peke yake, na vitu vya hatari viondolewe karibu naye. Mhudumu wa afya wa kijiji aarifiwe mapema, wakati dalili bado ni kukosa usingizi na kujitenga. Mke au mtoto anayepigwa aje kwenye dawati letu la ulinzi wa mtoto na familia kabla ya kuvunjika mfupa. Hali ikiwa ya hatari, simu za polisi ni 999 na 112, hazilipiwi. Kwa jambo la mtoto, 116.

Nanyi viongozi wa dini, mkiitwa kumzika aliyejitoa uhai, kumbukeni kwamba katika waombolezaji huenda yupo mwingine anayewaza hayo hayo. Akisikia marehemu akitukanwa, atakwenda kunyamaza zaidi. Akisikia kwamba ule ulikuwa ugonjwa, na kwamba ugonjwa una dawa, huenda jioni hiyo akamgonga mmoja wenu mlango.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza la kazini kwangu: asiyemfichulia jirani mapema, mwisho humfichulia askari, na askari hufika akiwa amechelewa. Napenda siku moja nije Base Camp bila jalada mkononi.